Nani Anajua, Tangu Lini

Mazungumzo na waandishi chipukizi wa hadithi za kusisimua, Dar es Salaam

Wazee wangu mlioketi mbele, shikamooni. Vijana, hamjambo. Na nyie mliojibana kule mlangoni, viti vipo huku, njooni mkae. Ninaowaua wote ni wa kwenye karatasi.

Nimeombwa nieleze nimeingiaje kwenye kazi hii na ninaifanyaje. Mwenyekiti kaniomba pia niwe mfupi. Nimemwahidi, ingawa nimeandika hadithi za mfululizo magazetini, na mtu wa mfululizo akikuahidi kwamba anamaliza leo, usimwamini.

Mwandishi akihojiwa, watu hutega sikio wasikie habari za bibi, moto wa kuni na mbalamwezi. Bibi yangu mimi alikuwa akikaanga samaki Temeke kuanzia alasiri mpaka usiku, na akirudi alichotaka ni maji ya kuoga na watoto tunyamaze. Hadithi nilizipata redioni. Wala sisemi ile michezo ya kuigiza, ingawa tuliipenda. Nasema matangazo ya vifo.

Mliozaliwa juzi hamuwezi kuelewa. Redio Tanzania Dar es Salaam ndiyo ilikuwa redio, ukiizima huna pengine pa kwenda. Ukifika wakati wa matangazo ya vifo nyumba nzima ilitulia, hata mwenye kikohozi alitoka nje. Mtangazaji alisoma taratibu, bila kujiliza: fulani wa Keko anasikitika kutangaza kifo cha fulani, kilichotokea mahali fulani, habari ziwafikie fulani wa Tabora, fulani wa Mwanza, na fulani popote pale alipo. Marehemu simjui, wafiwa siwajui, lakini hilo "popote pale alipo" lilikuwa halinitoki kichwani. Kuna mtu yuko mahali, anakunywa chai, anataniana na wenzake, na baba yake ameshakufa, na nchi nzima imeshaambiwa isipokuwa yeye. Nilikuwa namwona anakuja barabarani. Namwona muuza duka anamwangalia, kisha anajifanya anapanga sabuni. Nilitaka kupiga kelele.

Halafu kulikuwa na yule ambaye jina lake halikusomwa kabisa, na majirani wote wanajua kwamba naye ni damu ya marehemu. Huyo alikuwa hadithi nyingine, tena ndefu zaidi.

Sasa jambo langu la leo ni hilo tu, yanayofuata ni kulifafanua. Hadithi ya kusisimua inaendeshwa na tofauti ya wanachokijua watu. Yupo anayejua, yupo asiyejua, yupo anayejua kwamba mwenzake hajui, na saa inakwenda. Bunduki ukiwa nayo iweke, ukiwa huna hadithi haitakufa. Miswada ninayoletewa na vijana ina bunduki tele, helikopta, mabomu ya saa, na hakuna hata mahali pamoja ambapo nimeogopa, kwa sababu kila mtu ndani ya kitabu anajua kila kitu kwa wakati mmoja.

Walionifundisha ni wengi, nitawataja wachache, na sitamsifia kila mmoja kwa kipimo kilekile.

Wa kwanza ni Muhammed Said Abdulla wa Unguja, baba wa kazi hii kwa Kiswahili. Mzimu wa Watu wa Kale ulishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau mwishoni mwa miaka ya 1950, ukachapishwa mwaka 1960. Humo ndimo alimozaliwa mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, na Najum wa kumsindikiza. Ndiyo, baba yake wa kiroho ni Sherlock Holmes, wala Abdulla hakuwa na haja ya kulificha hilo. Lakini tazameni alichofanya. Maiti inakutwa mahali pa mizimu, mahali ambapo watu wakipita wanashusha sauti. Kila mtu ana jibu tayari: mizimu. Bwana Msa peke yake ndiye anayekataa kulichukua jibu lililo tayari, anakaa, anauliza habari za watu, nani ndugu wa nani, nani alimwoa nani. Na katika vitabu vyake vilivyofuata ni vivyo hivyo, ukichimba unakuta siri ya nasaba. Hilo ni letu, halikutoka London.

Kuna jambo la maisha yake ambalo wengi hawalijui nami nalipenda kupita yote. Kabla hajawa mhariri wa magazeti alikuwa bwana afya. Fikirini kazi ya bwana afya. Unabisha hodi, unaingia mpaka uani, unafunua mtungi, unachungulia choo, unauliza nani analala chumba kile. Mtu amefanya kazi hiyo miaka, hamuwezi kumdanganya kuhusu nyumba. Baadaye alikuja hapahapa Dar es Salaam kuhariri gazeti la Mkulima mpaka alipostaafu mwaka 1968. Basi Bwana Msa kwa sehemu ni mkazi wa Dar, tumdai kodi.

Faraji Katalambulla naye alitoa Simu ya Kifo mwaka 1965. Namtaja kwa sababu ya hiyo simu. Wakati ule simu ilikuwa ya ofisini na ya nyumba za wakubwa, inalia kama kengele ya shule, na aliyepiga humjui mpaka aseme. Kitu kigeni ndani ya nyumba, kinachoweza kukuita kutoka popote. Alikiona mapema. Nitairudia simu baadaye.

Kisha Elvis Musiba na jasusi wake Willy Gamba, kuanzia Kufa na Kupona ya mwaka 1974. Hapa vijana husema, aah, huyo ni James Bond aliyepakwa rangi. Si uongo, suti ipo, warembo wapo, risasi hazimpati. Lakini hamuwezi kumsoma Musiba mkasahau mji huu ulikuwa mji gani. Kamati ya Ukombozi ya OAU, ule Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ilikuwa na makao yake hapa tangu mwaka 1963. Vyama vya ukombozi vya kusini mwa Afrika vilikuwa na ofisi hapa, wapiganaji wanapita, na wapelelezi wa upande wa pili wanapita pia. Tarehe 3 Februari 1969 Eduardo Mondlane, rais wa FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, aliuawa hapa Dar es Salaam kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu alicholetewa kama kifurushi. Ndani ya kitabu! Sisi tunaotunga tukiandika hivyo mhariri atasema tumezidisha. Kwa hiyo msomaji wa mwaka 1974 hakuhitaji kuelezwa kwa nini Makaburu wangetuma watu wao kwenye mitaa anayopita yeye akienda kazini. Hofu alikuwa nayo tayari, Musiba aliiokota ilipokuwa.

Na Ben Mtobwa, mtoto wa Kigoma, aliyetuacha mwaka 2008 akiwa bado na miaka hamsini tu. Mpelelezi wake, Joram Kiango, alikuwa maarufu kuliko mawaziri. Kwangu mimi, hata hivyo, Mtobwa mkubwa ni yule wa Dar es Salaam Usiku, kwa sababu pale mji wenyewe ndio mhusika: baa, teksi, hela inayonuka, msichana anayepiga hesabu ya nauli ya kurudia. Isitoshe alijichapisha, akawa na kampuni yake ya Heko. Alikataa kusubiri mtu amfungulie mlango.

Lugha ya kigeni nayo ilinilea kidogo. Wa rika langu wote walipitia James Hadley Chase, vitabu vinavyouzwa chini kwenye lami, jalada limechanika, mwanamke kavaa nusu. Mwingereza yule aliandika miji ya Marekani bila kuishi huko. Mezani aliweka ramani na kamusi ya lugha ya mitaani ya Wamarekani, akapiga kazi. Nilipokuja kulijua hilo nilicheka, kisha nikakasirika. Mtu ameijenga Marekani nzima kwa ramani, na sisi tunaokaa Manzese tunaandika Manzese kana kwamba tumeisikia kwenye redio.

Niseme na lisilopendeza. Wanawake katika vitabu vile, vya wazungu na vya kwetu, walikuwa na kazi mbili: kumtega shujaa, au kufa ili shujaa akasirike. Nilikuwa binti wa miaka kumi na mingapi, nasoma, namsubiri yule mwanamke mwerevu wa sura ya tatu aseme jambo, na kabla hajasema ameshachomwa kisu. Walimu wangu nawaheshimu, lakini karani wangu, yule mnayemjua kwenye riwaya zangu, mwanamke wa mahakama ya mwanzo anayebeba mafaili na kusahaulika kwenye kona, nilimzaa kwa hasira hiyo. Watu hawanyamazi mbele ya karani. Wakili ananyamaza akipita wakili mwenzake, akipita karani anaendelea kuongea.

Mimi mwenyewe sijawahi kufanya kazi mahakamani. Nilikuwa karani wa kampuni ndogo ya kutoa mizigo bandarini. Kazi yangu ilikuwa karatasi: kuzichukua huku, kuzipeleka kule, kukaa kwenye benchi kusubiri sahihi ya mtu aliyeenda kunywa chai. Pale benchi ndipo nilipojifunza zaidi ya nilivyojifunza kitabuni. Kontena halitoki bandarini kwa bunduki, jamani, linatoka kwa mhuri. Nilikuwa naangalia mkono unaoshika mhuri na najiuliza: huyu akikataa leo, ni nani atakayekosa usingizi? Ukilipata jibu la swali hilo umeshapata sura ya kwanza.

Usiku nikaandika. Gazeti moja likakubali kunitoa kila wiki. Malipo yalikuwa ya kubahatisha, mengine mpaka leo nayasikilizia, na hilo tuliache. Ninachotaka mjue ni jinsi ukurasa ulivyonifunza. Tangazo la biashara likija dakika za mwisho mhariri hakuwa na muda wa kusoma, alikata hadithi kutoka chini. Ile sentensi yako ya kumnyima mtu usingizi, uliyoihangaikia usiku kucha, inaanguka sakafuni pamoja na "Itaendelea". Basi ikabidi nijifunze kuandika aya ambazo yoyote kati yake ingeweza kuwa ya mwisho. Kila aya iache mlango mmoja wazi. Sikuambiwa na mwalimu, niliambiwa na mkasi. Mpaka leo nikihariri huwa naziba nusu ya chini ya ukurasa kwa kiganja, nauliza: hadithi ikikatwa hapa, msomaji atanunua gazeti wiki ijayo?

Sasa namna ninavyofanya kazi. Nina kauntabuku. Kabla sijaandika sentensi moja ya riwaya, kila mhusika anapata ukurasa wake, na ukurasa una maswali: anajua nini, anakijua tangu lini, nani kamwambia, na nani anajua kwamba yeye anajua. Ukurasa wa mwisho ni wa msomaji. Naye ni mhusika, naye ana anachokijua na tangu lini. Vijana wengi wanaandika kurasa za wahusika, wanasahau huo wa mwisho, ambao ndio unaolipa.

Nitawaonyesha kwa mfano, tena mfano mchafu ambao sijautumia bado, akiutumia mtu nitamtambua.

Mwanamume amekufa ndani ya nyumba yake Tabata. Mdogo wake anawaambia polisi kwamba hajakanyaga pale karibu mwezi, wala hakujua kama kaka yuko mjini. Machozi yanamtoka, na ni machozi ya kweli. Nyumba imefungwa, ndani friji inanguruma. Simameni hapo kwenye friji.

Friji inakula LUKU, umeme unaoulipia kwanza, kisha unabonyeza tarakimu zake kwenye mita. Uniti hazijiingizi zenyewe. Uani kuna banda, anaishi mama mmoja mpangaji na mtoto mchanga, na mita ni moja, ya nyumba kubwa. Kila mwenye kupanga anajua vita vya mita moja: nani anapika kwa umeme, nani ana pasi, nani hajachangia. Mama yule anakumbuka kwamba Jumanne usiku uniti ziliisha. Anakumbuka kwa sababu feni ilizima na mtoto akaamka. Akachungulia, mtaa mzima una taa ila wao. Akajisemea kesho nitamdai mwenye nyumba. Kufika saa nane usiku, feni ikaanza tena.

Mwenye nyumba, kwa mujibu wa daktari, Jumanne jioni alikuwa ameshakufa.

Ni nani basi aliyesimama pale gizani akabonyeza tarakimu ishirini? Ni mdogo mtu. Alikuwa anatafuta hati ya nyumba, umeme ukamkatikia mkononi. Tochi ya simu ingeonekana dirishani kuliko taa, maana taa ya mwenye nyumba ni jambo la kawaida na tochi ni mwizi. Saa nane usiku hakuna duka lililo wazi, akanunua kwa simu yake. Na simu yake imesajiliwa kwa kidole chake.

Hiyo ni habari tu, bado si hadithi. Sasa fungueni kauntabuku, tumpe msomaji ukurasa wake. Tukimwambia msomaji siku moja na polisi, tumepata fumbo: mwishoni mpelelezi anaweka karatasi ya manunuzi mezani, watu wanasema alaa. Ni nzuri, Bwana Msa angeipenda. Lakini tukimweka msomaji ndani ya nyumba ile tangu usiku wa Jumanne, akamwona mdogo mtu anatoa jasho, ujumbe wa tarakimu unaingia, anakosea, anarudia, taa zinawaka, anashusha pumzi, na kule bandani feni inaanza kuzunguka na mwanamke anafumbua macho... hapo tumepata kitu kingine. Siku ya msiba mama yule ndiye anayewaandalia wafiwa chai. Anamkaribisha mdogo mtu kikombe. Anamwambia, kwa wema tu, afadhali marehemu alituwekea umeme kabla hajatutoka. Hajui anachokijua. Mdogo mtu sasa anajua kwamba yeye anakijua. Msomaji anawajua wote wawili. Unaweza kwenda nao kurasa themanini bila mtu kurusha ngumi, na msomaji atakuwa anamwambia yule mama kwa sauti ndani ya daladala: nyamaza, mama, nyamaza.

(Wanaocheka ni wenye nyumba. Wapangaji hamcheki.)

Mmeona kwamba sikutumia kitu cha kununua. LUKU, mita ya kuchangia, laini ya simu. Nchi hii imejaa vizuizi na alama ambazo hakuna mwandishi wa ng'ambo anayezijua, na sisi tunaziruka ili tufike haraka kwenye bunduki. Shujaa wako kapigwa risasi ya bega. Katika sinema anaingia hospitali, nesi mzuri anamfunga bendeji. Hapa ataulizwa PF3, ile fomu ya polisi ya mtu aliyejeruhiwa. PF3 inatoka kituo cha polisi, na kituo ndicho anachokikimbia. Mmeshapata sura mbili bila kutunga. Polisi wanakuja kupekua nyumba. Hawaji peke yao, wanaye mjumbe au mwenyekiti wa mtaa wa kushuhudia. Huyo mjumbe ni jirani, ana maneno, na kabla ya adhuhuri mtaa mzima unajua kilichokuwa chini ya godoro. Siri yako imeshatoka, na haikutolewa na mtu mbaya.

Nilisema nitairudia simu. Zamani, kwenye mfululizo wangu, muuaji akimaliza alikuwa anavunja laini na kuitupa mtaroni, mambo yameisha. Laini zikaanza kusajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa, na kuanzia Januari 2020 zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Waandishi wenzangu walilalamika kwamba kazi imeharibiwa. Mimi niliona nimepewa mhusika mpya. Muuaji sasa anahitaji laini ya jina la mtu mwingine, na huyo mtu ni nani? Ni yule bibi aliyekwenda kusajili laini yake, binti anayesajili laini chini ya mwavuli akamwambia weka tena kidole, bibi, mtandao unasumbua. Kidole cha pili kilisajili laini ya pili. Bibi hana habari, anauza mchicha, na jina lake limeshapiga simu ya kumuita mtu kwenye kifo chake. Katalambulla angekuwa nasi leo angelipenda hilo, naamini.

Kigamboni pia ilitupa shida ya aina hiyo. Kwa miaka mingi ukitaka mtu akwame ulimpeleka Kigamboni. Njia ya haraka ilikuwa kivuko, na kivuko kina foleni, kina saa zake, kina watu mia wanaokuangalia usoni mkiwa mmebanana na magunia. Upande wa pili unauona, Magogoni pale, unaweza kusoma maandishi ya mabango, lakini huwezi kufika mpaka pantoni lirudi. Mzunguko wa Kongowe ulikuwepo, ila kwa mtu anayefukuzwa ni mbali. Aprili 2016 likafunguliwa Daraja la Nyerere, mita 680 juu ya mkono wa bahari, na mtego wangu ukavunjika. Lakini daraja lina geti la kulipia. Geti lina foleni yake, lina mtu ndani ya kibanda anayekuona usoni. Nilikwenda pale asubuhi, mchana na usiku wa manane, nikakaa nikatazama madereva wanavyotoa hela. Mwenye haraka ya kweli hana chenji. Nendeni mkaangalie wenyewe.

Fukuzana za magari msiniletee. Ukiwa na gari nzuri saa kumi na moja jioni Mwenge, anayekufukuza na wewe mnauziwa karanga na mtu mmoja. Hata lile daraja la juu la Mfugale pale Tazara, tangu 2018, limesaidia kazi za watu kuliko limewasaidia majambazi. Atakayetoroka mji huu atatoroka kwa bodaboda au kwa miguu kupitia uchochoro, na uchochoro ni mzuri zaidi kwenye kitabu, kwa sababu mle kuna mama anafua, na amekuona. Treni mpya ya umeme ya kwenda Morogoro na Dodoma, iliyoanza mwaka 2024, hiyo naitamani. Madirisha hayafunguki, vituo vinajulikana, muda unajulikana. Sijaiandika. Kazi kwenu.

Kuhusu damu nina neno moja. Nimewahi kukaa na mhudumu wa mochwari akinieleza kazi yake, na alichokisema kikanikaa hakikuwa cha damu. Alisema wafiwa wakija kuchukua mwili, kuna mmoja siku zote anayeuliza kama marehemu alikuwa na simu. Hapo niliweka kalamu chini, nikamwomba chai. Mwandishi mwingine angeenda nyumbani kuandika majeraha.

Mmeniuliza kwa karatasi kuhusu soko, na kuhusu wale wanaotumiana vitabu vyetu kwa PDF kwenye magrupu. Sina dawa. Wapo vijana wanaouza mfululizo kwa WhatsApp, sehemu kwa sehemu, hela inaingia kwa simu kabla sehemu inayofuata haijatumwa, na wengine wanalipwa kuliko mimi nilivyolipwa na gazeti. Siwadharau kabisa. Makosa ya chapa ni mengi, lakini hao wanajua kukata kwenye aya inayouma. Ninachowaomba ni kwamba mkishamaliza mfululizo mkae na hadithi upya kabla ya kuiita kitabu. Msomaji wa wiki husahau kwamba Jumatatu yule askari alikuwa mwembamba. Msomaji wa kitabu hasahau, atakupigia simu.

Nimeulizwa pia kama mume wangu ananiogopa. Chakula huwa naonja kwanza mimi.

Na yupo aliyeandika, kwa mwandiko mzuri sana, kwamba amekwama ukurasa wa arobaini, mpelelezi wake ameshamjua muuaji na zimebaki kurasa mia na ishirini. Mwandishi wa karatasi hii, usipaniki. Mpelelezi kumjua muuaji si tatizo. Muuaji ameshajua kwamba amejulikana? Mke wa muuaji je? Yule kijana wa kuosha magari aliyemwona akirudi alfajiri bila viatu, ameshajua kwamba alichokiona kina thamani? Una kurasa mia na ishirini na watu watatu ambao hujawapa kurasa zao. Umeanza tu.

Mwenyekiti ananionyesha saa, namwona. Walioleta miswada wasinipe mswada mzima, begi langu ni dogo. Nipeni kurasa tatu za mwanzo na karatasi moja ya pembeni: majina ya wahusika, kila mmoja anajua nini, tangu lini. Msomaji naye mumwandike. Nitaanza na hiyo karatasi ya pembeni, na isiyokuwa nayo itarudi kwa mwenyewe kabla ya chai.